Maduki, Wafalme na Migongo ya Rwenzori

Juu ya Kasese, magharibi mwa Uganda, nyuma ya milima ya mbele ambayo mawingu huifunika karibu mwaka mzima, vilele vya Rwenzori vimebeba majina ya watu wa kasri za Ulaya, wengi wao wa ukoo mmoja. Kirefu kuliko vyote, chenye mita 5,109, kinaitwa Margherita, kwa heshima ya malkia wa Italia. Jirani yake ni Alexandra, malkia wa Uingereza wa wakati huo. Kwenye mlima huohuo wamo Elena na Savoia. Mlima Speke una Vittorio Emanuele, Mlima Emin una Umberto, Mlima Gessi una Iolanda, binti wa mfalme. Na upande wa kusini uko mlima mzima uitwao Luigi di Savoia. Luigi huyo ndiye chanzo cha yote. Alikuwa Luigi Amedeo wa ukoo wa Savoia, mwenye cheo cha Duki wa Abruzzi, na alisimama juu ya Margherita tarehe 18 Juni 1906.

Alipanda meli Napoli, akashuka Mombasa, akachukua reli mpaka Ziwa Viktoria na kuvuka hadi Entebbe. Kutoka hapo msafara ulikwenda kwa miguu hadi Fort Portal, kisha ukaingia bonde la Mubuku. Alikuwa na mpiga picha hodari Vittorio Sella, wataalamu wa sayansi, na waongozaji wa milimani kutoka Alpi. Huko juu mizigo ilibebwa na Wakonzo, na kambi kuu ikawekwa chini ya mwamba wa Bujongolo. Ilikuwa kazi kubwa, na sioni sababu ya kumnyima sifa yake: ramani aliyoacha ilimaliza ubishi wa miaka mingi kuhusu mlima huu, na picha za Sella zinatumiwa hadi leo kupima jinsi barafu ilivyopungua. Lakini Wakonzo waliobeba mizigo hawakupata hata kilele kimoja, wakati mtoto mdogo wa mfalme, ambaye hakuwahi kuuona mlima, alipata.

Mtu huyu alikuwa duki wa nini? Abruzzi ni eneo la katikati ya Italia. Luigi Amedeo hakulitawala hata siku moja. Alizaliwa Madrid mwaka 1873, siku chache kabla baba yake hajajiuzulu ufalme wa Hispania, akalelewa katika jeshi la majini la Italia, na mwaka 1890 ami yake, Mfalme Umberto wa Kwanza, akampa jina hilo kama zawadi ya ukoo. Hakupewa kodi wala mahakama wala askari wa Abruzzi. Ili tuelewe jinsi cheo kilivyoweza kubaki na heshima yote hiyo baada ya kupoteza kazi yake, inabidi turudi nyuma karne kumi na tano.

Katika siku za mwisho za dola ya Roma, duki alikuwa ofisa wa jeshi. Aliwekwa mpakani, akapewa askari na eneo la kulinda, na alipohamishwa au kufukuzwa eneo hilo halikumfuata, wala mwanawe hakulirithi. Dola ilipovunjika upande wa magharibi, wafalme wapya wa Kijerumani waliendelea na mtindo huo kwa sababu hawakuwa na njia nyingine ya kushika nchi pana zisizo na barabara za kutegemewa. Walimtuma mtu wanayemwamini, wakampa ardhi ili ale na kulisha askari wake, wakamwambia alinde. Hatari ilikuwa palepale. Mtu aliyekaa mbali na mfalme kwa miaka thelathini, akijua kila kijiji na kila njia, akioza binti zake kwa wakubwa wa pale, hana tena haja kubwa ya mfalme. Anapokufa, askari wake wanamtazama mwanawe.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anaijua hadithi hii bila kwenda Ulaya. Wamazrui waliwekwa Mombasa na watawala wa Oman kuwa maliwali, watumishi wa serikali iliyokuwa ng'ambo ya bahari. Katikati ya karne ya 18, ukoo wa Busaidi ulipochukua madaraka Oman, Wamazrui walikataa kuutii. Uliwali ukawa mali ya ukoo, ukapita kutoka ndugu hadi ndugu, na Mombasa ikajitawala mpaka mwaka 1837 Seyyid Said alipowaondoa. Maduki wa Ulaya walipitia njia hiyohiyo.

Ujerumani ya karne ya 10 ilikuwa na maduki wakubwa wa Saxony, Bavaria, Swabia, Franconia na Lorraine, na mwaka 919 mmoja wao, Heinrich wa Saxony, alichaguliwa kuwa mfalme. Huko Normandy, wavamizi wa Kiviking walipewa ardhi na mfalme wa Ufaransa mwaka 911 ili waache kumsumbua. Mwaka 1066 mzao wao, Duki William, alivuka bahari akaiteka Uingereza. Kuanzia hapo mfalme wa Uingereza akawa duki wa mfalme wa Ufaransa, yaani mkubwa kwake na mdogo kwa jirani, na vita vya karne nyingi vikazaliwa katika hali hiyo. Maduki wa Burgundy, kuanzia mwaka 1363, walijenga dola iliyoshindana kwa utajiri na Ufaransa yenyewe. Wa mwisho wao, Charles, alitaka awe mfalme kamili. Aliuawa vitani karibu na mji wa Nancy Januari 1477 bila kuacha mtoto wa kiume, na mfalme wa Ufaransa akaichukua Burgundy.

Kuanzia hapo wafalme walitafuta dawa, na dawa iliyofaa kuliko vita ilikuwa ofisi. Mfalme aliweka makarani wake, mahakimu wake na watoza kodi wake ndani ya ardhi ya duki, akamwachia duki jina, jumba na mapato. Louis wa Kumi na Nne wa Ufaransa aliwakusanya wakubwa wake Versailles wakigombea nafasi ya kumsogelea, huku mikoa ikiendeshwa na maofisa wasio na ukoo wa kutajwa. Uingereza ilianza kwa kuchelewa, kwani duki wake wa kwanza aliwekwa mwaka 1337, Edward mwana wa mfalme, kuwa Duki wa Cornwall. Huko cheo kilikuwa toka mwanzo zawadi ya mfalme kwa jamaa na wapiganaji wake. Hata hivyo zawadi ikizidi hugeuka deni: Lancaster na York zilikuwa familia mbili za maduki wenye damu ya kifalme, na kuanzia 1455 hadi 1485 zilipigana juu ya nani arithi kiti.

Kisha yakaja mapinduzi. Ufaransa ilifuta vyeo vyote vya kurithi Juni 1790. Napoleon akavirudisha mwaka 1808, akawafanya majenerali wake kuwa maduki wa mahali walipopigana, ambako baadhi hawakurudi tena. Katika Ulaya ya leo nchi moja tu inatawaliwa na mwenye cheo cha aina hii, nayo ni Luxembourg, yenye Duki Mkuu anayefuata katiba. Uingereza bado ina maduki, na wenye nguvu kati yao ni walioshika ardhi. Duki wa Westminster anamiliki sehemu za Mayfair na Belgravia katikati ya London, na mapato ya Cornwall bado yanamtunza mrithi wa taji.

Ukoo wa Savoia ulipanda kwa njia ambayo mtu wa Rwenzori angeielewa haraka. Walikuwa wakubwa wadogo wa milima ya Alpi. Mwanzoni hawakuwa na tambarare pana wala bandari. Walichokuwa nacho ni njia za kupita mlimani kati ya Ufaransa na Italia, na kila jeshi na kila mfanyabiashara alizihitaji. Mwaka 1416 Mfalme Sigismund wa Ujerumani aliwapandisha kuwa maduki. Mwaka 1713 wakapata ufalme wa Sicily, wakaubadilisha na Sardinia mwaka 1720, na 1861 wakawa wafalme wa Italia. Waliutafuta ufalme kwa ukaidi mkubwa kwa sababu Ulaya ya siku zile ilimkalisha duki chini ya mfalme katika kila meza ya mazungumzo. Mtu aliyetaka kusikilizwa alipaswa kwanza kupanda daraja.

Maduki wa kizungu waliikanyaga Afrika Mashariki mara nyingi kuliko tunavyokumbuka. Mwaka 1907 Duki Adolf Friedrich wa Mecklenburg aliongoza msafara kutoka Bukoba hadi Rwanda, Kivu na misitu ya Kongo; baada ya miaka kumi na moja Ujerumani ikawaondoa watawala wake wote wa kurithi. Bendera za mkoloni ziliposhushwa, Duki wa Edinburgh ndiye aliyemwakilisha malkia Tanganyika mwaka 1961, kisha Zanzibar na Kenya mwaka 1963. Wawili wa ukoo wa Savoia hawakurudi kwao kabisa. Luigi Amedeo alianzisha mashamba makubwa kando ya mto Shabelle nchini Somalia, mahali panapoitwa leo Jowhar, akafa na kuzikwa huko mwaka 1933. Mpwa wake Amedeo, Duki wa Aosta, alikuwa mtawala mkuu wa Waitalia katika Afrika Mashariki, akasalimu amri Amba Alagi mwaka 1941, akafa Nairobi mwaka 1942 akiwa mfungwa wa vita, na amelala katika kanisa la kumbukumbu la Waitalia huko Nyeri. Italia yenyewe ilimfukuza mfalme kwa kura ya mwaka 1946, na katiba iliyoanza kutumika 1948 inasema wazi kwamba vyeo vya kikabaila havitambuliwi.

Sasa tuwatazame wenyeji wa mlima. Wakonzo upande wa Uganda na Wanande upande wa Kongo ni watu wamoja kwa lugha na ukoo, na mpaka wa Mpondwe, karibu na Bwera, umewagawa bila kuwatenga; soko la Bwera linaendeshwa kwa Lhukonzo na Kiswahili, na kila familia ina shangazi ng'ambo ya mto Lhubiriha. Zamani hawakuwa na mfalme mmoja. Kila mgongo wa mlima ulikuwa na mkubwa wake, isemalhambo, aliyesuluhisha mashamba, mipaka na matambiko. Utawala wa namna hiyo ulitosha, kwa sababu anayeishi mgongo mmoja hana sababu ya kuamuliwa na mtu wa mgongo wa kumi.

Waingereza hawakuwa na nafasi ya kuzungumza na migongo. Walitaka mfalme mmoja wa kutia sahihi. Mwaka 1891 Kapteni Lugard alimrudisha Kasagama kwenye kiti cha ufalme jirani wa Tooro, na mkataba wa tarehe 26 Juni 1900 ukaweka Wakonzo na jirani zao Waamba chini ya Tooro. Machifu waliotumwa mlimani kutoza kodi walikuwa Watooro, lugha ya mahakama na ya shule ikawa yao, na Mkonzo akaonekana mtu wa porini katika nchi yake. Uasi ulioongozwa na Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya ulizimwa, na mwaka 1921 watatu hao wakanyongwa. Huko Bwera na Kagando majina yao bado hutajwa kama ya jamaa waliofariki juzi.

Mwaka 1954 mwalimu mmoja, Isaya Mukirania, alianzisha chama cha kukusanya historia ya Wakonzo. Mwaka huohuo alimwongoza mwandishi wa Kiingereza Tom Stacey katika safari ya mlimani. Hiki chama cha masimulizi kilizaa siasa, kwa sababu mtu anayeandika historia ya watu wake hufika haraka kwenye swali la nani aliwanyamazisha. Uhuru ulipokaribia, wawakilishi wa Wakonzo na Waamba katika Rukurato, baraza la Tooro, walidai watambuliwe katika katiba ya Tooro sawasawa na Watooro. Walikataliwa, wakatoka barazani mapema mwaka 1962, wakadai wilaya yao. Walikataliwa tena. Tarehe 30 Juni 1962 Rwenzururu ikatangaza kujitenga.

Baada ya miezi mitatu, tarehe 9 Oktoba, Uganda ilipata uhuru wake Kololo, na aliyekabidhi hati kwa niaba ya malkia alikuwa Duki wa Kent. Katiba aliyoikabidhi iliitambua Tooro kama ufalme. Wakonzo hawakutajwa kama walivyoomba.

Dai la kwanza la Rwenzururu, basi, lilikuwa usawa, na la pili lilikuwa wilaya. Taji lilikuja mwaka 1963, Mukirania alipotawazwa Omusinga, yaani mfalme. Sikubaliani na wanaosema ufalme huo ni wa kubuni na kwa hiyo hauna uzito. Ukoo wa Savoia nao ulikuwa na wakati wake wa kubuni, na Napoleon alibuni maduki wake kwa amri. Wakonzo walisoma nchi waliyopewa: katika Uganda ya 1962 aliyesikilizwa alikuwa mwenye mfalme, kama Buganda, Bunyoro na Tooro. Tofauti ni kwamba waliotoka migongoni hadi kwenye taji walifanya hivyo ndani ya maisha ya mtu mmoja, wakati ukoo wa Savoia ulichukua karne nyingi. Na ufalme huo wa mlimani ulifanya kazi: ulitoza kodi, uliendesha mahakama, ulifungua shule, ulikuwa na mawaziri.

Mukirania alifariki mwaka 1966, na mwanawe Charles Wesley Mumbere akarithi akiwa mvulana. Mwaka uliofuata katiba ya Obote ilifuta falme zote za Uganda. Rwenzururu, ambayo haikutambuliwa, haikuwa na cha kufutiwa na ikaendelea msituni. Mwaka 1974 serikali ya Amin ilifanya jambo ambalo wengine hawakulitaka: iliwapa watu wa mlima wilaya zao, zinazojulikana leo kama Kasese na Bundibugyo. Madai makuu ya 1962 yalijibiwa hapo. Mwaka 1982 Mumbere alishuka mlimani, akaweka silaha chini kwa makubaliano, akaenda Marekani, akaishi kwa kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa huko Pennsylvania. Baadhi ya falme nyingine zilirudishwa mwaka 1993. Yake ilitambuliwa rasmi mwaka 2009, naye akatawazwa Oktoba ya mwaka huo mbele ya Rais Museveni.

Kilichorudishwa kilikuwa nini hasa? Kifungu cha 246 cha katiba ya mwaka 1995 kinaruhusu viongozi wa jadi, kisha kinawakataza kushiriki siasa za vyama na kushika madaraka ya utawala, ya kutunga sheria au ya utendaji. Hakuna anayelazimishwa kuwatii wala kuwachangia. Sheria ya mwaka 2011 ilikaza zaidi. Kwa maneno mengine, Omusinga alipewa kile ambacho Umberto alimpa Luigi Amedeo mwaka 1890: jina la nchi bila nchi. Lakini Luigi Amedeo hakuwa na watu wa Abruzzi waliokuwa wamemfia. Mumbere alikuwa nao, miaka arobaini na zaidi ya wafu, wajane na wazee walioficha silaha na watoto mapangoni. Watu hao walimwona mfalme anayetawala, wakati sheria ilimwona kiongozi wa utamaduni. Walinzi wa kasri walikuwa ishara ya heshima kwa upande mmoja na jeshi haramu kwa upande mwingine. Serikali ilidai pia kwamba kulikuwa na mpango wa jamhuri ya Yiira ya pande zote mbili za mpaka, lakini ufalme ulikana.

Tarehe 26 na 27 Novemba 2016 tafsiri hizo mbili ziligongana. Polisi waliuawa, kisha jeshi likaivamia kasri ya Buhikira mjini Kasese na kuichoma. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu angalau watu 155 waliokufa, wakiwemo watoto. Mumbere alishtakiwa kwa uhaini na mauaji, akapewa dhamana iliyomkataza kurudi kwao, na mashtaka yakaondolewa mwaka 2023, mwaka ambao hatimaye alirudi Kasese. Kwa vifo vile hakuna ofisa wa jeshi aliyehukumiwa.

Wafalme wa Ulaya walihitaji karne kadhaa kuwanyang'anya maduki kazi na kuwaachia vyeo, na walipofanya kwa haraka walipata vita. Uganda ilijaribu kufanya hivyo kwa kifungu kimoja, bila kukaa na watu wa migongo kuwaeleza wanapewa nini na hawapewi nini. Kasese ina pia Wasongora na Wanyabindi, watu wa tambarare, wanaodai viongozi wao, na malalamiko yao yanafanana kwa kila neno na yale Wakonzo waliyoyapeleka Tooro. Ufalme wa Rwenzururu ukiwajibu kama Rukurato ilivyojibu mwaka 1962, utakuwa umerithi kosa pamoja na kiti.

Ndiyo maana nawaomba wabunge wa Kasese, wazee wa ufalme na serikali ya Kampala waandike makubaliano sasa, wakati Omusinga yupo nyumbani na hakuna kesi mezani. Yataje kazi ambayo ufalme unaweza kuifanya kihalali, hasa usuluhishi wa mashamba na mipaka ya migongo, ambako isemalhambo bado anaaminiwa kuliko hakimu. Yataje walinzi wangapi na wa aina gani. Yataje nafasi ya Wasongora na Wanyabindi. Na yataje wazi jinsi mrithi atakavyopatikana, kwa sababu Lancaster na York hawakupigana wakati mfalme alipokuwa imara. Walipigana pale ilipokuwa haijulikani nani anafuata.